Msimu wa Ligi katika Gemu za Ushindani

Kijana wa Juba anayecheza PUBG Mobile au eFootball kwenye simu akikuambia msimu umekwisha, usimuulize nani kabeba kombe. Maana yake ni kwamba kampuni yenye gemu imefuta ngazi alizopanda na kumrudisha chini, yeye na wenzake wa dunia nzima, wapande upya. Hakujisajili popote, hakupangiwa mpinzani, na akiamua kulala mwezi mzima hakuna atakayempa mwingine pointi za mezani kwa sababu yeye hakufika. Msimu wa ligi ya kulipwa ni kitu kingine kabisa, ila Kiingereza kinaviita vyote viwili kwa jina moja na sisi tumekifuata. Nashauri ule wa kwanza tuuite msimu wa gemu, na huu wa pili, ambao ndio mada yetu, tuuite msimu wa ligi.

Nasema gemu za ushindani, sisemi michezo ya kielektroniki, ingawa wapo wanaolipenda jina hilo. Ni pana mno. Karata unazocheza peke yako kwenye simu ukisubiri boda boda nazo ni mchezo wa kielektroniki, na hakuna anayekulipa mshahara kwa ajili yake.

Neno msimu lenyewe halina ubishi. Limetoka kwenye mausim ya Kiarabu, na hilo lina faida Juba. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini Kiswahili cha mji huu kimebebwa zaidi na waliorudi kutoka Kakuma, Nairobi na Kampala, pamoja na wafanyabiashara wa barabara ya Nimule. Msomaji wa hapa ana sikio moja la Kiswahili na jingine la Kiarabu cha Juba. Huko pwani msimu ulikuwa wa pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Oman na Ghuba, kusi ikayarudisha, na nahodha aliyechelewa kung'oa nanga alikaa Unguja hadi upepo ugeuke. Muda wenye mwanzo na mwisho, unaojulikana na wote mapema, usiomngoja mtu: ligi haihitaji neno bora kuliko hilo.

Hata neno duru tunashirikiana na Kiarabu. Anayefuata mpira kwa matangazo ya Kiarabu husikia ligi nzima ikiitwa dauri, na shina hilo ndilo lililotupa duru. Kiswahili kimelipunguzia kazi. Tuseme raundi ni fungu la mechi ambamo kila timu inacheza mara moja, na duru ni raundi zote zinazohitajika ili kila timu iwe imekutana na kila nyingine. Watangazaji wa Tanzania wanazo duru mbili katika Ligi Kuu, na ile ya pili ikikaribia ukingoni wanaiita lala salama. Sijaona lugha nyingine yenye jina zuri kama hilo kwa wiki ambazo hakuna timu inayolala.

Sasa tuone msimu wenyewe ulivyojengwa, na mfano mzuri ni ligi ya Korea Kusini ya gemu ya League of Legends, iitwayo LCK. Ina timu 10. Kwa miaka mingi mwaka ulikatwa vipande viwili, cha machipuko na cha kiangazi, kila kimoja kikiwa na bingwa wake. Mwaka 2025 waliachana na mpango huo. Walianza na kombe la kufungulia mwaka, kisha zikaja duru mbili za timu zote, yaani mechi 18 kwa kila timu. Hapo jedwali likakatwa katikati: tano za juu kundi lao, tano za chini kundi lao, na kila kundi likacheza duru tatu peke yake, mechi 12 zaidi. Jumla 30. Ni idadi ile ile ambayo Simba na Yanga wanacheza katika ligi ya Tanzania ya timu 16, ila kule Seoul mechi moja humalizika timu moja ikishinda seti mbili kati ya tatu. Nimetumia seti kwa makusudi, kama kwenye voliboli, maana ukisema gemu kwa kila kitu utajikuta unaandika kwamba timu imeshinda gemu mbili za gemu katika gemu.

Kile kipande cha mwaka Waingereza wanakiita "split". Wapo wanaotafsiri nusu msimu, na nusu inakubali pale vipande vinapokuwa viwili tu. Ligi ya Ulaya ya gemu hiyo hiyo ilikuwa na vitatu mwaka 2023, na nusu tatu ni hesabu isiyofundishwa shule yoyote. Awamu inatosha. Tumeizoea kwenye siasa na kwenye ujenzi wa barabara, na haidai idadi.

Kazi kubwa iko kwenye "playoffs". Magazeti yetu yanaandika mchujo leo, mtoano kesho, bila mpangilio, na mimi nadhani tunayo maneno mawili kwa sababu mambo ni mawili. Mchujo ni kucheza ili uingie au ubaki. Katika Ligi Kuu ya Tanzania timu za nafasi ya 13 na 14 zinacheza mchujo ili zisishuke daraja. Hakuna kombe hapo. Mtoano ni kucheza kwa ajili ya ubingwa, anayefungwa anatoka. Klabu ya T1 ya Korea ilipita yote mawili ndani ya wiki chache. Ilifika kwenye mashindano ya dunia ya League of Legends ya 2025 ikiwa timu ya nne ya nchi yake, kwa hiyo ikalazimika kucheza mchujo na Invictus Gaming ya China kabla ya kuruhusiwa kuanza. Ikashinda, ikapenya hadi hatua ya mtoano, na mjini Chengdu ikawafunga Wakorea wenzao KT Rolster seti 3 kwa 2, ubingwa wa tatu mfululizo. Ukiliandikia neno moja tukio hilo, msomaji hataelewa kwa nini bingwa wa dunia alikaribia kurudi nyumbani kabla ya siku ya kwanza.

Upo pia mtoano usiokutoa mara moja: ukifungwa unaangukia tawi la chini, ukifungwa tena ndipo unaaga. Tuuite mtoano wa nafasi mbili na tuendelee.

Kati ya mchujo na mtoano, mashindano hayo ya dunia yameweka tangu 2023 hatua inayoitwa mfumo wa Uswisi. Ni mali ya sataranji, ulitumika kwanza Zürich mwaka 1895. Timu 16 zinaanza pamoja. Raundi ya pili aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa, na hivyo hivyo kila raundi unapangiwa mwenye rekodi kama yako. Ushindi wa tatu unakuvusha, kipigo cha tatu kinakuondoa. Inachukua mechi 33. Timu hizo hizo zingecheza duru moja kamili zingehitaji 120.

Nani aliyezoea haya Juba? Mashabiki wa mpira wa kikapu. Mwaka 2022 Cobra Sport iliiwakilisha Sudan Kusini katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Timu 12 ziligawanywa kanda mbili, Sahara na Nile. Cobra ilikuwa ya Nile, kambi Cairo, mechi tano, na timu nne za juu za kila kanda zikaenda Kigali kwa mtoano. Cobra haikuwamo kati ya hizo. Kanda, hatua ya ligi, mtoano katika mji mmoja mwishoni: ligi nyingi za gemu zinakwenda hivyo hivyo, kwa sababu kupeleka watu wote kila mahali kila wiki ni gharama ambayo hata Wamarekani imewashinda. Overwatch League, ligi ya gemu ya Overwatch, ilianza 2018 ikiwa na timu 12 zenye majina ya miji, London, Seoul, New York na kadhalika, zikitarajiwa siku moja kucheza nyumbani na ugenini kama klabu za mpira. Kiingilio cha kila mwekezaji kiliripotiwa kuwa takriban dola milioni 20. Msimu wa 2023 ulipokwisha, ligi nayo ikaisha.

Kiingilio hicho kinatuleta kwenye tofauti ambayo tafsiri nyingi zinairuka. Katika mpira unapanda daraja na kushuka. Ligi kubwa za gemu zimeuondoa mlango huo: ya Amerika Kaskazini ya League of Legends mwaka 2018, ya Ulaya 2019, ya Korea 2021. Timu inanunua nafasi ya kudumu, nayo ikishika mkia misimu mitatu inaendelea kuwemo. Kuiita leseni ni kupoteza maana, kwa sababu leseni ya biashara au ya kuendesha gari tunajua inakwisha muda wake na inafutwa. Nafasi ya kudumu inasema kilichonunuliwa. Ligi ya namna hiyo ni ligi iliyofungwa, na ile ya kupanda na kushuka ni ligi ya wazi.

Kisha kuna mwenye gemu. Hakuna anayemiliki mpira wa miguu. FIFA inaweza kugombana na yeyote, lakini wewe ukiweka mawe mawili ya goli mtaani Gudele hutaiomba ruhusa. League of Legends ni mali ya Riot Games, Dota 2 ni ya Valve, na msimu wao unakaa au unavunjika kwa kalamu yao. Valve iliendesha mzunguko wa kulipwa wa Dota tangu 2017, wenye pointi za kumpeleka mtu kwenye mashindano makuu yaitwayo The International. Septemba 2023 ikatangaza kwamba haitauendesha tena. Timu zilizozoea kupanga mwaka mzima kwa pointi hizo zikabaki bila mzunguko. Sudan Kusini ina mwenye gemu wake, Lual Mayen, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akaanzisha kampuni ya Junub Games na kutengeneza Salaam, ambayo mchezaji ndani yake ni mkimbizi anayekimbia vita. Si gemu ya kushindana, kwa hiyo haina ligi. Lakini ingekuwa nayo, wa kuombwa idhini angekuwa yeye.

Mwenye gemu anaweza pia kubadili sheria msimu ukiendelea. Anatoa toleo jipya: silaha iliyokuwa kali inapunguzwa makali, mhusika aliyesahaulika anapewa nguvu, na timu iliyoongoza mwezi uliopita inajikuta haijui kucheza. Ndiyo maana ratiba makini hutaja toleo litakalotumika kila hatua, kando ya tarehe ya kufunga dirisha la usajili. Dirisha tunalijua kutoka mpira. Toleo tulizoee.

Tuchukue sasa chumba kimoja cha gemu Juba, runinga moja, pedi mbili, wachezaji wanane wa mpira wa kwenye skrini. Mechi moja pamoja na kupanga vikosi na kubishana ichukue robo saa. Mtoano wa wanane ni mechi saba, chini ya saa mbili, na bingwa anapatikana jioni ile ile. Duru moja kamili ni mechi 28, saa saba. Lakini igawe: raundi saba, kila raundi mechi nne, saa moja kila Jumamosi, Jumamosi saba. Ukiongeza duru ya pili ni Jumamosi 14, miezi mitatu na zaidi. Mafuta ya jenereta ya saa moja kwa wiki si mzigo wa kumtisha mwenye chumba. Kinachomtisha ni kuahidi Jumamosi ya 14.

Ana sababu. Umeme wa gridi ulirudi Juba mwishoni mwa 2019 na haufiki kila nyumba. Januari 2025 serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa 12 jioni, baada ya maduka ya Wasudani kuporwa, na siku chache baadaye Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ikaagiza Facebook na TikTok zifungwe kwa sababu ya video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Sudan. Agizo liliruhusu kufungwa hadi siku 90. Liliondolewa kabla wiki haijaisha. Mwandaaji aliyekuwa akitangaza ratiba Facebook na kucheza saa mbili usiku alipoteza ukumbi na ubao wa matangazo kwa mpigo. Kanuni za ligi zinahitaji kifungu cha kuahirisha, kinachosema mechi iliyozuiwa itachezwa lini na nani anaamua. Ligi za Seoul zinavyo vifungu hivyo, na Juba ndiyo yenye haja navyo zaidi.

Anayetaka kufungua ligi mjini hapa aandike kwanza mambo matatu kwenye karatasi moja na kuibandika mlangoni: tarehe ya mechi ya mwisho, siku ya kufunga usajili, na toleo la gemu litakalochezwa. Akishindwa kuyaandika, aiite bonanza. Watu watakuja vilevile.