Mlango wa Klabu: Sharti la Uanachama katika Mashindano ya Kulenga Shabaha Nchini Marekani, 1871–1996

Katika historia ya michezo, sharti la uanachama huchukuliwa kuwa jambo dogo la kiutawala. Mshindani hulipa ada, hupewa kadi, jina lake huandikwa katika orodha ya washiriki, na habari huishia hapo. Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki nchini Marekani jambo hilo halikuwa dogo hata kidogo. Kwa miaka 55, kuanzia 1924 hadi 1979, sheria ya nchi ilikitaja kwa jina chama kimoja cha watu binafsi na kuruhusu bunduki za jeshi ziuzwe kwa bei ya gharama kwa wanachama wa chama hicho. Raia aliyetaka kushindana katika klabu ya mji wake kwa bunduki ya aina ileile iliyotumiwa na askari alijikuta akiuliziwa kadi ambayo haikutolewa na klabu hiyo wala na serikali. Hoja ya insha hii ni kwamba sharti hilo lilipoingizwa katika sheria lilikuwa na mantiki yake, na kwamba liliharibika bila kuguswa na mtu: sheria ilibaki palepale, lakini chama kilichotajwa ndani yake kikageuka kuwa kitu kingine.

Chama hicho ni Chama cha Taifa cha Bunduki, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake NRA. Kiliasisiwa New York mnamo Novemba 1871. Waanzilishi wake wakuu, William Conant Church na George Wingate, walikuwa wametumikia upande wa Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na walirudi na aibu moja kichwani: askari wa jeshi lao hawakujua kulenga. Mfano waliouiga ulikuwa wa Uingereza, ambako chama chenye jina kama hilo kilikuwa kikiendesha mashindano ya kila mwaka Wimbledon tangu 1860. Kwa msaada wa fedha za jimbo la New York walipata shamba huko Long Island, wakaligeuza kuwa uwanja wa shabaha wa Creedmoor, na mashindano yakaanza mwaka 1873.

Katika Creedmoor ya mwanzo, swali la nani aruhusiwe kushindana lilijibiwa kwa kutazama sare. Mashindano mengi yalipangwa kwa ajili ya vikosi vya Walinzi wa Taifa, yaani wanamgambo wa jimbo, na aliyeandikishwa katika kikosi alikuwa na nafasi yake. Raia wa kawaida alihitaji njia nyingine, na njia hiyo ikawa klabu. Klabu ya Bunduki ya Wasio wa Kulipwa ya New York ilikuwa na wanachama wachache tu wakati walengaji wa Ireland, waliokuwa mabingwa wa masafa marefu, walipotuma changamoto kwa Wamarekani. Klabu hiyo ndogo ndiyo iliyoipokea. Tarehe 26 Septemba 1874 timu yake ilishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931, na tofauti hiyo ya pointi tatu ilitokana kwa sehemu na Mwireland mmoja aliyepiga katikati ya shabaha, ila shabaha hiyo haikuwa yake. Ushindi huo ulionyesha jambo ambalo maofisa wa vikosi hawakuwa wamelitilia maanani, kwamba klabu ya raia wanaolipa ada zao wenyewe inaweza kuzaa walengaji bora kuliko kikosi kinacholipiwa risasi na jimbo.

Shauku hiyo haikudumu. Siasa za New York ziliipa kisogo Creedmoor, uwanja ukarudishwa kwa jimbo mwaka 1890, na kuanzia 1892 mashindano yakahamia Sea Girt, New Jersey. NRA ya miaka hiyo ilikuwa jina zaidi kuliko chama. Aliyeifufua alikuwa serikali kuu. Mwaka 1903 Bunge la Marekani liliunda Bodi ya Taifa ya Kukuza Ulengaji, chini ya Wizara ya Vita, na kuanzisha Mashindano ya Taifa, ambayo tangu 1907 yamefanyika Camp Perry, kando ya Ziwa Erie katika jimbo la Ohio. Mwaka 1905 sheria nyingine iliruhusu bunduki za ziada za jeshi, nyingi zikiwa za aina ya Krag zilizokuwa zikipisha Springfield mpya, ziuzwe kwa klabu za walengaji zilizoundwa kwa kufuata kanuni za Bodi.

Hapa ndipo klabu ya mtaani ilipopata sura yake ya kisheria, na inafaa kutazama kwa karibu jinsi mlango wake ulivyofanya kazi. Mtu hashindani kwa nia tu. Anahitaji bunduki inayokubaliwa na kanuni, risasi za kutosha kwa mazoezi ya msimu mzima, na uwanja ulio salama wenye umbali wa yadi 200, 300 na 600. Mfanyakazi wa kiwandani au mkulima mdogo hakuweza kujipatia vitu hivyo vitatu peke yake. Klabu ilivipata kwa sababu ilitambuliwa na Bodi. Ilipotambuliwa iliweza kupewa bunduki na risasi za serikali. Na mwanachama wake aliingia katika mashindano akiwa na mali ya umma mikononi. Kwa hiyo sharti la kuwa mwanachama wa klabu, ambalo katika mchezo wa tenisi lingekuwa suala la heshima na ada, hapa lilikuwa suala la uwezekano wenyewe wa kushiriki. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1916 iliimarisha mpango huu kwa kuunda Ofisi ya Mkurugenzi wa Ulengaji wa Raia, ambayo kazi yake ilikuwa kuzihudumia klabu hizo.

Sheria ya 1924 iliongeza hatua moja. Mbali na klabu, mtu mmoja mmoja naye aliweza sasa kununua bunduki kutoka serikalini, mradi awe mwanachama wa NRA. Wabunge wa wakati ule walikuwa na sababu inayoeleweka. Serikali haikuwa na daftari la walengaji, na haikutaka kugharimia ofisi za kuwachunguza. NRA ilikuwa nalo daftari hilo, ilikuwa na uhusiano na klabu za majimboni, na shughuli yake ilikuwa mashindano na mafunzo. Kadi ya uanachama ilitumika kama ushahidi rahisi kwamba mnunuzi ni mlengaji wa kweli, si mchuuzi anayetafuta bunduki za bei ya chini. Uingereza, iliyokabiliwa na swali la aina hiyo miaka minne kabla, ilijibu kwa njia tofauti. Sheria yake ya Silaha ya 1920 iliwapa wanachama wa klabu za bunduki nafuu fulani katika masharti ya cheti, lakini klabu yenyewe ilipaswa kuidhinishwa na waziri. Huko mkono wa dola ulibaki kwenye bawaba za mlango. Marekani iliukabidhi ufunguo kwa jirani mwema na kwenda zake.

Kwa miongo kadhaa jirani huyo alibaki mwema. Baada ya Vita Kuu ya Pili idadi ya wanachama iliongezeka, wengi wakiwa askari waliorudi nyumbani, na jeshi lilipoanza kuiacha bunduki ya M1 mwishoni mwa miaka ya 1950, bunduki hiyo ndiyo iliyotamaniwa na kila mshindani wa klabu. Ndiyo waliyoifahamu vitani, na ndiyo iliyokubaliwa bila ubishi na kanuni za mashindano ya bunduki za jeshi. Kuipata kwa bei ya gharama kulimaanisha kulipa ada ya NRA. Wengi walilipa bila kuwaza, kama mtu anavyolipa nauli.

Mabadiliko yalikuja kwa haraka baada ya hapo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 iliigawa jamii ya walengaji, na mwaka huohuo jeshi liliondoa msaada wake kwa Mashindano ya Taifa. Mwaka 1975 NRA iliunda kitengo maalumu cha ushawishi wa kisiasa. Miaka miwili baadaye, katika mkutano mkuu wa Cincinnati wa Mei 1977, kundi lililotaka chama kipambane na udhibiti wa silaha liliwang'oa viongozi waliopendelea michezo na uhifadhi wa mazingira. Waliopiga kura usiku ule walikuwa wanachama wa maisha. Mlengaji aliyelipa ada ya mwaka mmoja ili apate bunduki ya mashindano hakuwa na sauti katika uamuzi huo, ingawa ada yake ilisaidia kuutekeleza. Maandishi mengi juu ya Cincinnati hushughulika na siasa za taifa na kulipita jambo hili, lakini kwa historia ya mashindano ya klabu ndilo zito zaidi. Kadi iliyokuwa ushahidi wa ulengaji ilikuwa sasa pia mchango kwa kundi la siasa, na sheria ya nchi bado iliidai.

Aliyelipeleka suala hilo mahakamani alikuwa raia aliyetaka kununua M1 bila kujiunga na NRA. Mshtakiwa, kwa nafasi yake ya Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu, alikuwa Clifford Alexander, na kesi ilisikilizwa na mahakama ya shirikisho ya wilaya mjini Washington. Hukumu ya 1979 ilikwenda upande wa mlalamikaji. Mahakama iliona kwamba kumlazimisha mtu ajiunge na chama chenye shughuli za kisiasa ili apate manufaa yanayotolewa na serikali ni kuugusa uhuru wake wa kujumuika na watu awatakao, uhuru ambao ndani yake umo uhuru wa kutojumuika. Kwa sababu hiyo sharti lilipimwa kwa kipimo kikali, na halikufaulu: lilikiuka haki ya kutendewa sawa iliyomo katika Marekebisho ya Tano ya Katiba.

Kilicho muhimu zaidi kwa mada hii ni kile ambacho hukumu haikukigusa. Mpango wa kuuza bunduki uliendelea. Sharti la klabu nalo liliendelea. Mnunuzi hakudaiwa tena kadi ya NRA, lakini alitakiwa awe mwanachama wa klabu iliyotambuliwa na Ofisi ya Mkurugenzi na aonyeshe kuwa ameshiriki kulenga shabaha. Mtu anaweza kusema kwamba tofauti ni ndogo, kwa kuwa klabu nyingi zilikuwa na uhusiano na NRA kwa namna moja au nyingine. Maoni hayo hayatoshi. Sharti la kwanza lilimuuliza raia anaunga mkono nani. La pili lilimuuliza anafanya nini uwanjani siku ya Jumamosi. La kwanza halikuweza kutimizwa ila kwa kujiunga na chama kimoja nchi nzima, ilhali la pili lingeweza kutimizwa katika klabu yoyote iliyofuata kanuni, na watu wasiopendezwa na klabu zilizopo waliweza kuanzisha yao. Hata hivyo ni kweli kwamba aliyeishi mahali pasipo na uwanja wa karibu alibaki nje kama zamani, na hukumu haikumsaidia.

Mwaka 1996 Bunge liliiondoa kazi hiyo jeshini kabisa na kuikabidhi kwa shirika lililoundwa kwa sheria maalumu, lisilo la serikali wala la faida, ambalo lilirithi bunduki, mashindano ya Bodi na orodha ya klabu. Sheria inayoliongoza inataka mnunuzi awe raia wa Marekani, awe amefikisha umri wa mtu mzima, na awe mwanachama wa klabu ya bunduki iliyojiunga na shirika hilo. Jina la NRA halimo katika kifungu hicho. Klabu imo.