Diwani ya Sayyidna Umar (r.a.) na Haki ya Wajane

Imamu Bukhari amepokea kisa cha mjane kijana aliyemkuta Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) sokoni, akamwambia kuwa mumewe amefariki na kumwachia watoto wadogo, naye anawahofia njaa. Akajitambulisha: ni binti wa Khufaf bin Ima al-Ghifari, aliyehudhuria Hudaybiya pamoja na Mtume (s.a.w.). Khalifa akasimama. Akamtwaa ngamia mwenye nguvu, akampakia magunia mawili ya chakula, baina yake akatia fedha na nguo, kisha akamkabidhi hatamu. Mtu mmoja akasema amempa kingi mno. Umar akamkemea: baba na kaka wa mwanamke huyu waliizingira ngome wakaiteka, nasi sasa tunagawana mafungu yao!

Kwa hiyo alikuwa akilipa deni.

Katika Diwani aliyoianzisha, wake na watoto nao walipangiwa posho. Siku chache kabla ya kuchomwa kisu, mwaka 23 Hijria, aliahidi kwamba akiishi, wajane wa Iraq hawatamhitaji mwanamume yeyote baada yake.

Je, askari akifa, posho ya watoto wake hukatika? Al-Mawardi (aliyefariki 450 H) ametaja kauli mbili: wahamishiwe kwenye mali ya sadaka, au wabakishiwe humo humo, ili wapiganaji wapate hima. Khitilafu hiyo hiyo imo kwa askari aliyepata kilema: wako waliosema ujira umekoma kwa kukoma kazi. Kwetu sisi, kauli ya kubakisha ndiyo iliyo karibu zaidi na ngamia wa binti Khufaf.