Kazi Iliyoitwa Magendo: Maisha ya Nyanya Yangu Kati ya Busia na Tororo

Historia ya mpaka wa Kenya na Uganda huandikwa zaidi kwa kutumia mikataba, hotuba za marais na ripoti za forodha. Katika insha hii ninautazama mpaka huo kupitia maisha ya nyanya yangu mzaa baba, aliyefanya biashara kati ya Busia na Tororo kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakusoma kupita darasa la tatu, wala hakuacha daftari la hesabu. Aliacha watoto saba waliosoma, na masimulizi ambayo sisi wajukuu tuliyasikia tukichambua naye maharagwe. Hoja yangu ni kwamba kazi iliyoitwa magendo ndiyo iliyotulea, na kwamba kuificha ni kumnyima haki yake.

Kukhu, kama tulivyomwita, hakuitaja miaka kwa tarakimu. Alisema "mwaka Wahindi walipoondoka", "wakati wa kahawa" au "mwaka pesa ilipokatwa". Mtu anaweza kudhani kwamba kumbukumbu ya namna hiyo ni dhaifu. Lakini kila tukio alilolitaja lina tarehe inayojulikana, na ukiyapanga unapata historia ya uchumi wa mpakani jinsi ilivyomfikia mama mwenye mzigo kichwani.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 miongoni mwa Wasamia wa upande wa Uganda, akaolewa ng'ambo ya mto Sio, upande wa Kenya. Kwake hilo halikuwa kuolewa ugenini, kwani lugha ilikuwa moja na koo zilijuana. Hadi 1902 eneo hili lote, kufika karibu na Naivasha, lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo Waingereza walilihamishia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili bila kuhama. Kwao alikozaliwa kuliitwa Bukedi, baadaye kukawa wilaya ya Tororo, na tangu 1997 ni wilaya ya Busia ya Uganda. Boma la baba yake halikusogea hata hatua moja.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mpaka huo haukuwasumbua wachuuzi. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917, na hadi 1966 shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika pande zote. Kukhu alipoanza biashara miaka ya mwanzo ya 1960, alinunua dagaa Sio Port, akawakausha na kuwapeleka Tororo, mji wa reli na kiwanda cha saruji, ambako wafanyakazi walihitaji kitoweo cha bei nafuu. Kenya dagaa hao huitwa omena, Uganda huitwa mukene. Naye alitumia jina alilolijua mteja. Alirudi na ndizi na maharagwe. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na kwa hakika watoto wake hawakulala njaa.

Mambo yalibadilika "mwaka Wahindi walipoondoka". Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Maduka yaligawiwa watu wengine, na baada ya muda sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vikawa adimu. Kukhu akaanza kuvivusha kutoka Kenya. Mwaka 1975 serikali ya Amin iliunda mahakama maalumu za makosa ya uchumi zenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo. Kipande cha sabuni kikawa hatari. Alisimulia jinsi walivyovuka usiku kwa njia za ng'ombe, miche ya sabuni imefungwa kwa leso mgongoni kama mtoto mchanga. Nilipomwuliza kama hakuogopa, alinijibu, "Mjukuu wangu, karo haikuniuliza kama naogopa."

Kisha ukaja "wakati wa kahawa". Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno katika miaka miwili iliyofuata. Mkulima wa Uganda alilazimika kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ndogo, kwa hiyo kahawa nyingi ilivushwa kwa siri kuingia Kenya. Soko la Chepkube, karibu na mlima Elgon, lilipata sifa kwa biashara hiyo. Masimulizi mengi ya kipindi hicho huwahusu matajiri wenye malori. Kukhu aliibeba kichwani kwa ujira wa kila mzigo, hata baada ya Februari 1976, Amin alipodai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya akirejelea mpaka wa kabla ya 1902 na hali ikawa ya wasiwasi. Kwa ujira huo alilipa karo ya wanawe wawili wa kwanza katika shule ya upili.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuwa "mwaka pesa ilipokatwa". Mei 1987 serikali mpya ya Uganda ilibadilisha sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30. Aliyekuwa na shilingi 10,000 alibaki na 70 mpya badala ya 100. Kukhu alikuwa na noti za Uganda ndani ya mkebe, akiba ya mabati ya nyumba. Desemba mwaka huohuo askari wa nchi hizi mbili walipambana Busia, mpaka ukafungwa, na shangazi yangu mdogo akakaa nyumbani muhula mzima. Kukhu aliuza mtamba ili arudi shuleni. Tangu hapo hakuweka tena akiba kwa noti, bali kwa mahindi na mifugo.

Sisemi kwamba magendo hayakuwa na madhara. Kahawa iliyotoroshwa iliinyima Uganda fedha za kigeni, na rushwa ya njiani iliwazoesha maafisa vibaya. Lakini ni lazima tutofautishe kati ya aliyejenga maghorofa kwa magendo na aliyelipa karo. Kuwaweka wote chini ya neno moja ni kuandika historia kwa kalamu ya askari wa forodha peke yake.

Tena sheria yenyewe imebadilika. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na chini ya utaratibu uliorahisishwa, bidhaa za jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvuka bila ushuru wa forodha kwa kujaza fomu fupi. Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia. Mama anayepeleka omena Tororo leo huitwa mfanyabiashara mdogo, na wanasiasa humsifu. Mzigo ni uleule na njia ni ileile.

Ndiyo maana sikuridhika na wasifu uliosomwa siku tulipomzika Kukhu. Ulimtaja kuwa "mkulima na mama wa nyumbani". Wazee wetu walihofia kulitaja neno magendo mbele ya kanisa, na ninaielewa hofu yao: wengine waliona majirani wakikamatwa na wasirudi. Lakini wasifu huo uliifuta miaka arobaini ya kazi, na kizazi kijacho kitaamini kwamba karo ilitoka katika shamba la ekari moja na nusu.

Kwa wenzangu mliozaliwa Malaba, Lwakhakha au Namanga, nina ombi: waulizeni nyanya zenu mapema, na msiwadai tarehe. Waulizeni walibeba nini, walimwuzia nani, na pesa ilikwenda wapi. Nyumbani kwetu, baba amekubali kwamba kaburi litakapojengewa, pameandikwa "mfanyabiashara". Baba wakubwa bado wanalijadili.