Flamingo ni jamaa ya nani, kwani?

Wengi wetu tulienda Nakuru na trip ya shule, tukaonyeshwa "wale wa pinki", tukapiga picha, tukarudi kwa basi. Hakuna mtu alituambia tulikuwa tunaangalia ndege wa aina mbili. Wala hatukuambiwa wasomi walikuwa wamebishana miaka na mikaka kuhusu ukoo wao.

Kiswahili kinamwita heroe. Mswidi Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, lakini aliyekuwa akimtaja ni heroe wa Karibiani. Heroe mdogo, huyu wetu, alipewa lake 1798. Halafu kesi ikaanza. Miguu mirefu? Basi ni wa ukoo wa korongo. Miguu yenye ngozi katikati ya vidole, na sauti kama ya bata bukini? Basi ni bata. Hata chawa waliitwa mashahidi, manze, kwa sababu chawa wa heroe wanafanana na wa bata! Mwaka 1867 Thomas Huxley akamtengea kundi lake peke yake, katikati ya bata na korongo. Mimi naona alichoka tu.

Kufika 2001, DNA ikasema ndugu yake wa karibu ni kibisi. Kibisi! Kale kandege kafupi kanakopiga mbizi ziwani kila dakika. Nani angebahatisha hiyo?

Sasa mtu atauliza, hizi aina zinatuhusu nini? Duniani ziko sita, nne za Amerika, na mbili ndizo tunazo hapa. Heroe mkubwa anachuja wadudu na vijidudu vya majini, kwa hivyo anaweza kujipanga sehemu nyingi. Mdogo anategemea sana spirulina, ule mwani unaostawi kwa maji ya magadi. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, magadi yakapungua nguvu, chakula chake kikapungua, na wengi wakahamia kwingine kama Bogoria. Na karibu wote wa Afrika Mashariki wanazalia ziwa moja tu, Natron, Tanzania. Ndiyo maana mtu akiniambia "si flamingo bado wako wengi", namuuliza: wagani?

Ukienda tena, angalia mdomo. Wa pinki wenye ncha nyeusi ni mkubwa. Wa rangi nyekundu iliyokolea, karibu nyeusi, ni mdogo. Na ukiona kibisi anazama hapo kando, msalimie, ni familia.