Dume la Farasi na Ada ya Saisi

Waingereza walikuwa na desturi yao ya kutangaza farasi dume wa kupandisha. Huanza jina la dume, likafuata jina la baba yake, la mama yake na la babu mzaa mama, kisha mbio alizoshinda. Baada ya hapo hutajwa ada ya kupandisha, gharama ya malisho ya jike kwa mwezi, na onyo kwamba mwenye shamba hatalaumiwa jike akiumia au akifa. Aghalabu mwishoni huwapo malipo madogo yanayotajwa peke yake: ada ya saisi, yaani mtunza farasi.

Desturi hiyo ilipanda meli pamoja na walowezi, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikafika Njoro, maili chache kutoka mji wa Nakuru. Nimefanya kazi ya mifugo sehemu hizo kwa miaka mingi. Babu yangu mzaa mama alikuwa saisi kwenye shamba moja la Molo kabla ya Uhuru. Kwa hiyo ninapoisoma historia ya farasi wa Bonde la Ufa, macho yangu hutangulia kwenye mstari ule wa mwisho. Madume yaliyoandikwa kwa majina yasingemaliza hata msimu mmoja wa mvua bila watu wasioandikwa.

Nchi yenyewe ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa wengi wao bondeni na kuwapeleka Laikipia, na miaka michache baadaye Laikipia nako wakahamishwa kwenda kusini. Mlowezi Lord Delamere alipewa Njoro ekari 100,000 kwa mkataba wa miaka 99. Akaleta kondoo na ng'ombe, nao wakaanza kukonda na kufa katikati ya majani mabichi. Baadaye sana ndipo ilipobainika kwamba udongo ule wa majivu ya volkano una upungufu wa kobalti, na maradhi hayo yakapewa jina la mji wa Nakuru. Ng'ombe na kondoo huhitaji kobalti ili vijidudu vya tumboni mwao vitengeneze vitamini B12. Farasi hustahimili upungufu huo vizuri ajabu, na anaweza kunawiri kwenye malisho yanayomuua kondoo. Sijaona jambo hili likipewa uzito katika habari za walowezi, ambao husifu zaidi hewa baridi na ujasiri wao wenyewe. Mimi naamini udongo ule, uliomtia Delamere hasara kwa mifugo mingine, haukumzuia farasi hata kidogo.

Farasi waliokuwa wakipatikana walikuwa wadogo na wagumu, kutoka Usomali na Uhabeshi. Walifaa kwa safari na kwa kuzungukia mifugo, lakini mlowezi alitaka mbio, na alitaka mnyama mrefu zaidi. Njia ya haraka ilikuwa kuagiza dume mmoja wa damu safi, wa ule ukoo wa farasi wa mbio ambao madume yake yote hurudi kwa mababu watatu walioletwa Uingereza kutoka mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo mwaka 1704. Daftari la ukoo huo limekuwa likichapishwa tangu 1791. Jike huzaa mtoto mmoja tu baada ya miezi kumi na moja hivi, bali dume mmoja aweza kupandisha majike arobaini kwa msimu. Ndiyo maana wachache walinunua dume, na majirani wakamlipia mwenye dume ada: kwanza kwa rupia, na kuanzia 1921, fedha ilipobadilishwa, kwa shilingi. Reli ilikuwa imekwisha kupita Njoro, hivyo jike aliweza kutoka mbali akiwa ndani ya behewa.

Ikweta nayo ilisaidia. Huko Uingereza jike huanza kupata joto majira ya kuchipua, mchana unaporefuka. Njoro mchana ni ule ule mwaka mzima, na jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, iwe Januari au Agosti. Kilichopanga kazi ya dume hapa ni mvua, na mvua ilileta majani, na ikaleta kifo.

Kifo hicho ni maradhi ya farasi ya Afrika. Nimewahi kuyaona. Farasi amekula vizuri jioni. Asubuhi anahema mbavu zikipanda na kushuka, na kabla ya jua la utosi povu jeupe linamtoka puani kama maziwa yanayofurika sufuriani. Aina nyingine huvimbisha kichwa, hasa mashimo yaliyo juu ya macho. Punda milia hubeba virusi vya maradhi haya bila kuugua, na siku zile punda milia walikuwa wamejaa bondeni. Wakati wa vita vya 1914, walowezi walijiandikisha jeshini wakiwa na farasi na nyumbu wao wenyewe. Aprili 1916 wapanda farasi wa Jenerali van Deventer walikwenda mbio kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi katikati ya masika. Mji waliuteka, lakini mizoga ya farasi wao ilikuwa imetapakaa njia nzima. Huko chini mbung'o alisaidiana na maradhi haya.

Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa umande. Watu waliwafunga farasi mifuko mdomoni wasile majani yenye unyevu, na hawakuwatoa bandani mpaka jua lianike nyasi. Mwaka 1944 ndipo du Toit, wa taasisi ya Onderstepoort huko Afrika Kusini, alipoonyesha kwamba anayebeba virusi ni usubi, yule mdudu mdogo kuliko mbu anayeuma kuanzia machweo hadi mapambazuko. Lakini masaisi walikuwa wakifunga milango kabla ya magharibi tangu zamani. Babu alinieleza utaratibu wao: farasi wote ndani jua likiwa bado juu ya mlima, magunia yakitundikwa madirishani, na mavi makavu ya ng'ombe yakiwashwa mlangoni yafuke moshi usiku kucha. Moshi ukikatika, kuna mtu wa kuamka. Waliambiwa ni umande, nao wakafanya kazi iliyomzuia usubi. Mimi nahesabu huo kuwa ni ujuzi, hata kama hawakuwa na jina la virusi hivyo.

Kazi ya kupandisha yenyewe ilikuwa ya hatari. Kwanza jike huletwa mbele ya dume wa kujaribia, asiye na thamani, ng'ambo ya ukuta wa mbao. Asiyekuwa tayari hulaza masikio, hupiga kelele na kurusha mateke. Aliye tayari hutulia, huinua mkia na kukojoa kidogo kidogo. Hapo hufungwa mkia kwa kitambaa, huoshwa, na miguu ya nyuma huvishwa viatu vya blanketi nene ili teke likimpata dume lisimvunje. Saisi mmoja hushika kichwa cha jike. Mwingine humleta dume kwa kamba ndefu iliyofungwa kwenye lijamu, akitembea upande wa kushoto, maana dume akisimama wima kwa miguu ya nyuma, kwato za mbele ziko usawa wa kichwa cha mtu. Dume akishapanda, saisi huutazama mkia wake. Ukipigapiga juu na chini, mbegu imetoka; usipopiga, kazi haijaisha hata kama dume ameteremka. Ni ishara ya nukta chache. Ada yote, na pengine ugomvi wote wa baadaye kati ya majirani wawili, ilitegemea jicho la mtu yule.

Na ukoo wa mnyama aliyemshika uliandikwa vizazi kwa vizazi. Saisi pia alikuwa na karatasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande, ndani ya kikopo cha chuma alichokitundika shingoni: alama za vidole, kabila, wilaya, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, mshahara. Akiondoka bila tajiri kutia sahihi, alisakwa na polisi. Hakuna sehemu katika karatasi ile iliyosema kwamba mtu huyu anajua kumtuliza dume, au kwamba amekesha na jike anayezaa mtoto akitanguliza makalio. Nakasirika ninapoziweka karatasi hizi mbili pamoja, na sioni sababu ya kuificha hasira hiyo.

Shamba linalojulikana zaidi kwa farasi wa Njoro lilikuwa la Charles Clutterbuck, aliyefika mwaka 1904, akafungua viwanda vya unga na mbao na kujenga mabanda ya farasi wa mbio. Binti yake Beryl aliletwa akiwa na miaka minne, akakulia katikati ya farasi na watoto wa Kiafrika wa pale shambani. Katika kitabu chake cha 1942 ametenga sura nzima kwa Camciscan, dume aliyeletwa kutoka Uingereza kwa meli na kwa garimoshi. Ukame wa karibu na mwaka 1920 ulimfilisi baba, ambaye alikuwa amejifunga kwa mikataba ya unga kwa bei isiyobadilika. Farasi wakauzwa, yeye akaenda Peru. Beryl akabaki, akapata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa msichana wa miaka 18 hivi, na mwaka 1926 jike wake Wise Child akashinda mbio za St Leger za Nairobi.

Dunia inamkumbuka binti huyo, Beryl Markham, kwa ndege aliyovukia Atlantiki mwaka 1936. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine: alimwandika saisi wake. Arap Ruta, aliyecheza naye utotoni akiitwa Kibii, alimfuata Molo alipoanza kufundisha farasi, akawa mkono wake wa kulia bandani. Yumo kitabuni kwa jina lake na kwa maneno yake. Kwa hilo peke yake nampa Beryl heshima kubwa, maana mamia ya wenzake Ruta hawakumpata wa kuwaandika.

Miaka ya 1930 chanjo ilipatikana Onderstepoort, na baadaye maabara ya Kabete nayo ikatengeneza ya kwake. Hofu ya machweo ikapungua. Mwaka 1954 mbio za Nairobi zilihama kutoka Kariokor kwenda barabara ya Ngong, ambako uwanja upo hadi leo. Walowezi wengi wakauza mashamba baada ya 1963, na mabanda mengi ya mawe huku kwetu sasa ni maghala ya viazi.

Nakuru leo mfugaji humpigia simu mtaalamu wa uhamilishaji, naye huja na pikipiki na mtungi wa mbegu za fahali wa ng'ambo. Farasi wa mbio haruhusiwi hivyo. Sheria ya daftari la ukoo, Kenya na kwingineko, haimwandiki mtoto aliyepatikana kwa mrija: lazima dume apande mwenyewe. Kwa hiyo palipo na dume wa damu safi bado kuna saisi upande wa kushoto, ameshika kamba, anatazama mkia.