Mizunguko 78 kwa Dakika

Leo nitawaeleza habari za hesabu ndogo ambayo huhifadhi sauti ya mtu mashuhuri.

Mwaka 1928 Bi Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay, huko Bara Hindi, akaimba taarabu kwa Kiswahili mbele ya chombo cha kunasa sauti cha kampuni ya His Master's Voice. Bi Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake ilibaki katika sahani za santuri.

Sahani ya namna hiyo ilibuniwa na Emile Berliner mwaka 1887. Mashine zake za kwanza zilizungushwa kwa mkono. Mkono ulipochoka, sauti ilishuka. Ulipoharakisha, mwimbaji alilia kama kinda la ndege. Baadaye mashine zikatiwa kamani, tena kidude cha kuzuia mwendo usizidi wala kupungua. Hata hivyo kampuni hazikuwa na kipimo kimoja. Katika miaka ya 1920 nyingi zilipatana juu ya mizunguko 78 kwa dakika.

Sasa tufanye hesabu. Dakika ina sekunde 60; gawa 78 kwa 60, utapata mzunguko 1.3 kwa sekunde. Mzunguko mmoja una digrii 360. Zidisha kwa 1.3, utapata digrii 468 kwa sekunde. Mafundi wengine hupima kwa radiani, nayo ni pembe ambayo upinde wake ni sawa na nusu ya kipenyo cha duara. Mzunguko mmoja una radiani 6.28 hivi, basi sahani hiyo hupita radiani 8.17 kwa sekunde. Watu watatu wakitaja 78, 468 na 8.17, hawabishani: mwendo ni mmoja, vipimo ndivyo mbalimbali.

Lakini mwendo wenyewe ukibadilika, ni jambo jingine. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa sahani za mizunguko 33⅓ kwa dakika, na mwaka 1949 RCA Victor ikatoa za 45. Wimbo wa dakika 3 katika sahani ya 78 huchukua mizunguko 234. Ukiupiga kwa 45, utadumu dakika 5 na sekunde 12. Kwa 33⅓, dakika 7 hivi. Sauti ya Bi Siti itakuwa nzito kama ya mzee anayesinzia, na mtoto ambaye hakumsikia atadhani ndivyo alivyoimba.

Kwa hiyo, aliye na santuri ya zamani aipime kwanza. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, shika saa, uhesabu karatasi inapita mara ngapi kwa nusu dakika. Ikipita mara 36, mwendo ni 72 tu. Ongeza mpaka ipite mara 39. Hapo ndipo wimbo ulioimbwa Bombay utasikika Manyovu kama ulivyoimbwa.