Mwanza hadi Kampala na Nairobi: Kumbi za maonyesho zenye historia nzito

Msafiri wa Mwanza akifika Kampala au Nairobi, mara nyingi ratiba yake ni fupi: soko, ndugu, kisha basi la kurudi. Wachache wanajua kuwa katikati ya majiji hayo kuna kumbi mbili za maonyesho zinazobeba historia nzito ya Afrika Mashariki. Kabla ya kununua tiketi, inafaa kujua kilichotokea ndani yake.

Anzia nyumbani: Bujora

Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma, kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kila Juni, karibu na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ngoma za Bulabo hujaza uwanja wake.

Hapo ndipo Bagalu na Bagika hupambana. Simulizi zinawataja waganga wawili, Gumha na Ngika, walioshindana kujua dawa ya nani ina nguvu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wengine hucheza na majembe kwenye bugobogobo, wengine na nyoka. Hakuna pazia wala kiti cha wakubwa: mtazamaji ndiye jaji, na anahukumu kwa miguu yake.

Ukumbi wa Taifa wa Uganda, Kampala

Kutoka Mwanza, njia ya barabara hupitia Bukoba na mpaka wa Mutukula. Tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo-Busisi limeondoa foleni ya kivuko.

Ukumbi huu upo barabara ya Dewinton, karibu na Bunge, na ulifunguliwa mwaka 1959. Utautambua kwa ukuta wake wa mbele wa zege lenye matundu matundu. Nyuma yake kuna maduka ya kazi za mikono.

Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji, ndiye aliyekuwa akiuongoza miaka ya Idi Amin. Mwaka 1977 kundi lake lilipeleka Lagos, kwenye tamasha la sanaa la FESTAC, igizo la nyimbo la Kiganda liitwalo Oluyimba lwa Wankoko. Aliporudi nyumbani alikamatwa na watu wa utawala huo, akauawa. Kwa hiyo anayekaa kwenye viti vile anakaa mahali ambapo msanii alilipa kwa uhai wake.

Ukumbi wa Taifa wa Kenya, Nairobi

Njia ya huku ni Musoma, Tarime na mpaka wa Sirari. Ukumbi upo barabara ya Harry Thuku, ng'ambo ya hoteli ya Norfolk, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi.

Ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau. Kwa miaka mingi jukwaa lilitawaliwa na michezo ya Kizungu, hata baada ya uhuru wa 1963.

Oktoba 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipandisha jukwaani igizo lao kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, mpiganaji aliyenyongwa mwaka 1957. Watazamaji waliungana na waigizaji, wakaimba na kucheza hadi nje ya ukumbi. Igizo hilo nalo lilipelekwa FESTAC.

Mwaka uliofuata, Ngũgĩ aliwaandikia wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mchezo wa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulichezwa kwenye jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe. Serikali iliupiga marufuku, na Desemba 1977 Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 jukwaa lile likabomolewa.

Ukumbi wa Nairobi ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015.

Ukienda, zingatia haya

• Beba hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
• Angalia ratiba ya ukumbi mtandaoni kabla ya kupanga safari. Siku nyingine hakuna onyesho kabisa.
• Mchana wasanii huwa mazoezini. Omba ruhusa mlangoni kabla ya kuchungulia au kupiga picha.
• Chagua onyesho la lugha ya wenyeji hata kama huielewi. Kicheko cha watu wa karibu kitakusaidia.

Na kabla taa hazijazimwa, jiulize swali moja: nani aliwahi kuzuiwa kusimama pale mbele? Bujora swali hilo huamuliwa na umati. Kampala na Nairobi, kuna wakati liliamuliwa na wenye bunduki.